Vidani Kumi na Tisa

Saa tatu na robo asubuhi Mkesha alikuwa na kazi saba mkononi, ingawa mikono yenyewe hakuwa nayo. Upande wa kaskazini alikuwa akipima matundu ya nyavu za meli ya uvuvi iliyojidanganya kuwa haionekani. Katikati ya mkondo alikuwa ametuma viramba viwili, mashine bapa za kulamba mafuta yaliyovuja. Alikuwa akibadilisha taa ya boya lililozimika, akikagua vyeti vya boti ya watalii, akiisindikiza meli ya gesi hadi langoni mwa bandari, na akimfuata kimyakimya mtu aliyekuwa akificha magunia kwenye kisiwa kisicho na wakazi. Na kwa sauti ya kike, tulivu, isiyo na haraka, alikuwa akizungumza na mwanamume aliyekuwa akielea baharini amekumbatia dumu, mtumbwi wake umekwenda zake.

"Nakusikia, kaka yangu," alisema Mkesha. "Mashua imeshatoka. Hebu niambie, umeacha nini jikoni?"

Mwanamume akakohoa maji, akajibu kwamba ameacha maharage, na mkewe alimwonya asichelewe maana hatayapasha moto mara ya pili. Akacheka. Mtu anayecheka hazami upesi. Baada ya dakika kumi na moja mashua ya uokoaji isiyo na nahodha ilimchota kwa mikono yake ya mpira, ikamfunika blanketi, ikageuka kurudi pwani.

Watu waliokuwa ukumbini walipiga makofi kidogo, kama walivyozoea. Mwantumu Likwata peke yake hakupiga. Alikuwa mkuu wa zamu ya asubuhi katika Ukumbi wa Macho, makao ya Walinzi wa Bahari wa jiji la Ras Mkame, mwaka huo wa elfu mbili na themanini na moja. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kati ya hiyo, thelathini na mmoja aliitumia kusikiliza watu wanaozama. Kila Mkesha alipouliza lile swali la jikoni, Mwantumu alihisi kama anaibiwa upya.

Swali lilikuwa lake. Alilipata mwenyewe, miaka ishirini na miwili nyuma, siku aliyoshinda kwenye redio na nahodha mmoja aliyeketi juu ya tumbo la meli iliyopinduka. Alimuuliza jina, umri, rangi ya shati, mpaka maswali yakamwishia, ndipo likamtoka hilo: umeacha nini jikoni? Yule nahodha akaanza kueleza mchuzi wa pweza hatua kwa hatua, kuanzia kumponda pweza mpaka kukamua tui la pili, na waokoaji walipomfikia alikuwa bado hajamaliza kuunga. Mwantumu akaelewa jambo ambalo vitabu vya mafunzo havikuwa nalo. Mtu akikumbuka sufuria anakumbuka kwamba kuna anayemngoja wale pamoja.

Siri hiyo alimpa mwanafunzi wake mmoja tu, Leokadia Komba, msichana wa kutoka milima ya Mbinga aliyefika Ras Mkame akiwa hajawahi kuonja maji ya chumvi. Alimfundisha yote: kumjua mwongo kwa pumzi zake redioni, kusoma rangi ya maji, kuvumilia kimya cha mtu anayetafuta maneno. Wiki ya kwanza Leokadia alimwita afande. Wiki ya pili Mwantumu alimkataza, akamwambia amwite dada, na dada likabaki.

Kisha wakaja wahandisi wa akili mnemba, wale waliokuwa wakimuunda Mkesha. Walikaa ukumbini siku thelathini wamevaa visikizio, wakitafuta mlezi. Sheria ya nchi ilikuwa wazi: hakuna akili mnemba inayokabidhiwa roho za watu bila kuwa na mlezi, yaani binadamu mmoja ambaye italelewa kwa namna yake ya kufikiri, itasema kwa sauti yake, na siku ikikosea, yeye ndiye atakayeulizwa. Mwantumu alinunua skafu ya hariri ya bluu kwa ajili ya sherehe ya kumtangaza mlezi. Nani mwingine, kwani? Wahandisi wakasimama jukwaani wakaeleza kwamba wamepima mapigo ya moyo ya watu waliookolewa, na kwamba yalishuka upesi zaidi walipozungumza na Leokadia Komba. Skafu ikarudi kabatini na karatasi yake.

Tangu siku hiyo Mwantumu aliota kijiba cha roho. Picha ya Leokadia ilibandikwa kituo cha treni. Vyuo vikuu vilimwalika Leokadia. Magazeti yaliandika juu ya "swali la Leokadia", eti swali dogo lililobadili uokoaji wa baharini, na Leokadia alipojaribu kueleza lilikotoka, waandishi waliona ni unyenyekevu wake tu, wakazidi kumpenda. Lililomuudhi Mwantumu kuliko yote ni kwamba Mkesha naye alimwita dada, kila asubuhi, kwa sauti ileile ya mwanafunzi wake, bila kumkosea adabu hata mara moja. Angekuwa mfidhuli ingekuwa nafuu. Aliyeko juu mngoje chini, walisema wahenga, na Mwantumu akaamua kungoja.

Njia yake ya kungoja ilikuwa hii. Walinzi wa Bahari walikuwa na desturi iliyotokea enzi za karatasi. Daftari la zamu huandikwa yaliyotokea. Lakini kuna jambo ambalo halijatokea, linalomwasha mtu kichwani tu. Kwa hiyo wakati wa kupokezana, anayeingia husimama mbele ya anayetoka na kumuuliza, "Una shaka gani?" Anayetoka hupakua alicho nacho: boya fulani limeinama kidogo, nahodha fulani alijibu upesi mno, upepo umegeuka kabla ya saa yake. Akiwa hana, husema "Sina," ndipo anapoondoka. Mkesha alipowashwa, desturi haikufutwa. Taa ndogo ya manjano iliwaka mezani wakati wa kupokezana, Mkesha akasikiliza, na kila shaka iliyopakuliwa ikawa sehemu ya akili yake.

Wiki ya kwanza Mwantumu alipakua shaka tatu. Mojawapo, juu ya meli iliyokuwa ikizima taa kila ikipita penye kina kirefu, Mkesha aliifuatilia mpaka akawanasa watu waliokuwa wakimwaga sumu baharini. Gazeti liliandika kwamba jicho la Leokadia halilali. Mwantumu alilisoma akiwa amesimama jikoni kwake, akalikunja, akafutia jiko. Tangu hapo, kwa miezi minane, jibu lake likawa moja.

"Una shaka gani, dada?" angeuliza Leokadia, aliyekuwa mkuu wa zamu ya mchana.

"Sina."

"Haya. Wewe ukisema huna, mimi roho yangu inatulia," angesema Leokadia, na kuketi.

Kumbe alikuwa nazo tele, na mojawapo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa ya kisiwa cha Shungi.

Shungi ni kisiwa kidogo kusini ya lango la bandari, na upande wake wa mashariki kuna fungu la mchanga. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku zote, yakitoka, fungu hubaki tambarare yenye maji ya magotini, na hapo ndipo wanawake wa kisiwani hulima mwani unaotengenezewa dawa na mifuko inayooza. Serikali ilikuwa imempa kila mtu wa pwani kidani, kifaa kidogo cha kuvaa shingoni kinachoueleza Ukumbi wa Macho mvaaji yuko wapi. Kikizama majini kwa muda wa pumzi ishirini, hupiga yowe, na mashua ya uokoaji hutoka. Sasa mkulima wa mwani kazi yake ni ipi, kama si kuinama majini? Vidani vya Shungi vilipiga yowe mchana kutwa, mashua zikatoka bure, na mwenye shida ya kweli kwingineko akangojeshwa.

Mwaka mmoja kabla ya Mkesha kuwashwa, Mwantumu alikwenda Shungi mwenyewe. Aliketi barazani kwa Bi Somoe Mnali, mwenyekiti wa kikundi cha mwani, mwanamke wa rika lake, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Alinyweshwa uji wa pilipili manga, vikombe viwili. Kisha akatoa ushauri wake. Mkienda kwenye mwani, alisema, vivueni hivyo vidude mviache nyumbani. Mie nikiona bamvua limetoka nitajua mpo funguni, wala hamtanipotea. Tangu siku hiyo vidani kumi na tisa vilitundikwa kwenye msumari mmoja jikoni kwa Bi Somoe kila maji yalipotoka, na Mwantumu alijua.

Mkesha hakujua. Yeye aliona vidani kumi na tisa viko nchi kavu, akahesabu watu kumi na tisa wako nyumbani. Ilikuwa shaka ya sentensi mbili, ya kupakua huku mtu akivaa viatu. Mwantumu aliibana. Alijiambia kwamba siku moja boti ya watalii itapita juu ya kamba za mwani, wanawake watapiga kelele, Mkesha atatahayari, na wakubwa watakuja kumuuliza yeye. Hakumtakia mtu mauti. Alitaka aibu ndogo tu, kama ya mtu kuteleza mbele ya wageni. Lakini wivu hauna kipimo cha kijiko; ukishaufungulia mlango unajipakulia wenyewe.

Asubuhi ile, saa nne na dakika tano, melipweke iliyokuwa ikija kutoka kusini na shehena ya saruji iliharibika. Melipweke ni meli ya mizigo isiyo na baharia hata mmoja, hujiendesha toka bandari hadi bandari, na nyingi humaliza mwaka bila kukanyagwa na mguu wa mtu. Usukani wa hii uligoma kugeukia kulia, na injini ikagoma kupunguza mwendo. Mbele yake, langoni mwa bandari, kivuko cha saa nne kilikuwa kimeng'oa nanga na abiria mia nne na kumi.

Mkesha hakubabaika. Alijaribu njia kumi na nne kwa muda wa mtu kupiga chafya, akachagua.

"Naipeleka kushoto, kwenye fungu la Shungi," alisema kwa sauti ya Leokadia. "Itapanda mchanga na kusimama. Wimbi lake litafagia fungu lote, lakini funguni hakuna mtu. Dakika tisa."

Vijana wa zamu wakashusha pumzi. Mmoja akasema kwamba binadamu angekuwa bado anatafuta ramani. Mwantumu alitazama ukutani saa ya maji kujaa na kupwa. Bamvua. Maji yalikuwa nje tangu saa tatu.

Tuseme kweli, maana hadithi inayomficha mwenyewe haimfai msomaji. Kitu cha kwanza alichohisi Mwantumu hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Amekosea. Ile sauti imekosea, mbele ya ukumbi mzima, na sasa itajulikana nani alikuwa nani. Furaha hiyo ilimpita haraka, na nyuma yake ikaja picha ya migongo kumi na tisa imeinama majini, kanga zimefungwa viunoni. Akafungua mdomo. Halafu akaufunga tena, kwa sababu alitambua kwamba akisema anajua, ataulizwa alijua tangu lini.

Alikaa hivyo dakika mbili na sekunde arobaini. Baadaye alizihesabu katika kumbukumbu za ukumbi, mara nyingi kuliko inavyofaa.

"Mkesha," alisema mwishowe. "Funguni kuna watu. Wanawake wa mwani, kumi na tisa."

"Vidani vyao viko nyumbani, dada."

"Vidani viko msumarini. Watu wako majini."

Mkesha hakubisha wala hakuuliza amejuaje. Alidondosha nanga zote mbili za melipweke ili ziikwaruze bahari na kuipunguzia kasi, lakini kuigeuza tena haikuwezekana. Kulia kulikuwa kumekufa, na mbele kulikuwa na kivuko. Papo hapo alirusha vipanga sita, vindege vyake visivyo na rubani, vikafika juu ya fungu kwa nusu dakika vikiwa na vipaza sauti. Vikawaambia wanawake watoke majini. Wanawake waliinua macho, wakainama tena. Kwao kipanga kilikuwa kitu kinachokuja kupima mipaka ya mashamba na kuwafokea kwa sauti nzuri. Mmoja alikirushia tope.

"Nipe mimi niseme," Mwantumu alisema, na Mkesha akampa.

"Somoe! Ni mie Mwantumu, wa ule uji wa barazani. Acheni kamba, acheni kila kitu, pandeni mwamba wa kaskazini. Meli inakuja juu yenu. Kimbieni, shoga yangu."

Kupitia jicho la kipanga ukumbi mzima ulimwona Bi Somoe akinyoosha mgongo. Aliijua sauti. Alitazama mashariki mara moja tu, kisha akawaitia wenzake kwa ile sauti yake ya ng'ambo, na wote wakaacha walichoshika. Mtu hakimbii kwenye maji ya magotini. Anavuta mguu mmoja baada ya mwingine huku roho imeshatangulia. Bi Somoe alifika wa kwanza penye njia ya kupandia mwambani. Hakupanda. Alisimama pale akimpiga kila anayepita kofi la mgongoni na kutaja namba yake. Moja. Mbili. Tatu. Hapakuwa na mashine iliyokuwa ikiwahesabu, kwa hiyo alihesabu yeye.

Alipofika kumi na saba pakawa kimya. Fatu Chilumba, aliyekuwa na kamba za mwisho kabisa upande wa bahari, alikuwa bado mbali, anakuja. Nyuma yake melipweke ilikuwa imeshaonekana, ndefu, haina mtu wa kupungiwa mkono.

"Panda, Somoe," alisema Mwantumu.

"Bado mmoja."

"Mkesha anamwona. Panda."

"Huyo Mkesha wenu ndiye aliyekuwa anatuona siku zote?" alisema Bi Somoe, wala hakusema kwa hasira. "Bado mmoja."

Mwantumu alitafuta neno la kumnyanyua yule mwanamke na kumpandisha juu. Miaka thelathini na mmoja ya kazi, na alilipata lile moja tu.

"Shoga, umeacha nini jikoni?"

"Nimeacha mhogo motoni," alijibu Bi Somoe. "Na vile vidude vyenu."

Fatu alifika akihema. Bi Somoe alimpiga kofi la mgongoni, akasema kumi na nane, akamsukuma juu kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye mwamba pale meli ilipopanda mchanga na wimbi lake likavuka fungu. Mwambani wimbi halikufika juu. Chini lilifagia kila kitu, na lilipopita hapakuwa na vigingi, wala kamba, wala Bi Somoe. Mashua ya uokoaji ilimpata baada ya saa mbili, upande wa pili wa kisiwa, amekwishafariki. Langoni mwa bandari abiria mia nne na kumi walishuka kwenye kivuko, wengi wao hawana habari.

Siku ya tatu ya msiba Mwantumu alikwenda Shungi. Aliketi na wanawake, kisha akaomba maji ya kunywa ili apate sababu ya kuingia jikoni. Mtu alikuwa amekwangua sufuria ya mhogo iliyoungua lakini harufu ilibaki. Juu ya msumari vilikuwepo vyote kumi na tisa, maana tangu siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kuja kuchukua chake. Kila kimoja kilikuwa na kitaa cha kijani kinachopepesa kuonyesha kuwa mvaaji yuko nchi kavu, salama. Kilichoandikwa jina la Somoe Mnali nacho kilipepesa sawasawa na vingine. Mwantumu alikitazama mpaka mtu akaja kuuliza kama maji ameyaona.

Tume ya uchunguzi ilimaliza kazi kwa siku kumi na mbili. Iliandika kwamba Mkesha alikosea hesabu ya watu, na kwamba kwa mujibu wa sheria anayejibu ni mlezi. Leokadia Komba ataondolewa katika utumishi mwisho wa mwezi. Iliandika pia kwamba wanawake kumi na wanane waliokolewa na uzoefu wa Afande Mwantumu Likwata, aliyetambua hatari ambayo mashine haikuiona. Hakuna mjumbe aliyemuuliza aliitambuaje. Walidhani ni kipaji. Vipanga vilikuwa vimenasa mazungumzo yote, na yaliporushwa hewani nchi nzima ililia; kufikia Ijumaa magazeti yalishaacha kusema swali la Leokadia, yakasema swali la Mwantumu. Wahandisi walirudi, safari hii wamevua viatu mlangoni kwake, wakamletea barua. Mkesha atalelewa upya, atazungumza kwa sauti yake. Sherehe ni Jumatatu, siku ya mwisho wa mwezi.

Kila alichokimezea mate miezi minane kiliwekwa mbele yake, tena kimepakuliwa. Jumatatu asubuhi Mwantumu aliitoa skafu ya bluu kwenye karatasi yake, akajifunga, akaenda zamu. Sherehe ilipangwa saa saba mchana. Saa sita Leokadia aliingia kupokea zamu yake ya mwisho, akiwa na kikapu cha ukili cha kubebea vitu vyake mezani. Alikuwa amekonda. Aliisifia skafu, akasema rangi hiyo inampendeza dada.

Halafu, huku akifungua droo, akasema alilokuja nalo. "Lile swali, dada, niliwaambia tangu siku ya kwanza kuwa ni lako. Waliandika, baadaye wakafuta. Sasa limerudi kwa mwenyewe, nimefurahi. Hilo tu nimefurahi." Alitia kikombe chake kikapuni, kisha picha ya mama yake. "Ila naumia kitu kimoja. Miezi minane wewe ulikuwa huna shaka hata moja, na mimi nilikuwa nakwenda nyumbani nalala usingizi. Najiuliza ni kitu gani nilipaswa kukiona nikakipita. Nikijua, nitakwenda kuwaambia watu wa Shungi."

Saa ya ukutani ikagonga. Leokadia aliweka kikapu chini, akasimama wima mbele yake kama alivyofundishwa, na taa ya manjano ikawaka mezani.

"Una shaka gani, dada?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Lilikuwa fupi, na baada yake kulikuwa na jukwaa, na viti, na watu waliokwisha kuanza kukusanyika uani. Mwantumu alisikia kipaza sauti kikijaribiwa huko nje, moja, mbili, moja, mbili, na mtu anayehesabu kwa sauti alimrudisha mwambani.

"Ninayo," alisema. "Ya Shungi. Nilikuwa nayo tangu siku Mkesha alipowashwa."

Akapakua. Alisema uji wa barazani na ushauri alioutoa. Alisema msumari. Alisema lile gazeti alilofutia jiko, na kwa nini kila siku alijibu alivyojibu. Alisema dakika mbili na sekunde arobaini, na kwamba angezisema upesi, Bi Somoe angehesabu mpaka kumi na tisa akiwa juu ya mwamba. Alipofika kwenye ile furaha alikunywa maji kwanza, akaisema nayo. Aliona gere, alisema. Hakuna jina lingine, alimwonea gere mtoto aliyemlea mwenyewe. Leokadia hakumkatiza hata mara moja. Kuvumilia kimya cha mtu anayetafuta maneno alikuwa amefundishwa na mwalimu hodari.

Maneno yalipokwisha, ilikuwa Mkesha aliyejibu kwanza, kwa upole wake wa siku zote.

"Imeingia, dada."

Leokadia alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliuachia, akavuta kiti, akaketi mbali kidogo kuliko alivyozoea, akafungua daftari la zamu na kuandika saa.

"Nyingine, afande?" aliuliza.